Siku Niliyosugua Injini za Babu

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la nane na huandika polepole.

Juzi nilifungua sanduku la marehemu babu hapa mtaani kwetu Section 58, nikasikia harufu ya moshi wa taa ya koroboi. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Babu alikuwa na injini sita ndogo za treni, alizotengeneza kwa mikebe zifanane na zile alizoendesha zamani. Alipoenda dukani nikaona zimejaa masizi, nikamhurumia. Nikazisugua kwa jivu na waya wa kusugulia sufuria mpaka zikang'aa.

Sikujua masizi yale aliyapaka mwenyewe, wiki nzima, ili zionekane kama injini za kweli za makaa ya mawe.

Fimbo yake ilipogonga langoni, shangazi akaniambia, "Wewe, leo utajua hujui!" Nikajificha nyuma ya pipa la maji.

Nilimsikia babu akiziinua moja moja. Kisha nikasikia anacheka. "Toka huko, mama. Hata sisi tulizisugua hivi wakubwa wakija kukagua. Lete koroboi tuzirudishe kazini."

Nikatoka, nikaleta koroboi. Tulizipaka moshi hadi jioni, nami nikadhani tumezimaliza zote. Kumbe juzi sandukuni nimekuta tano nyeusi, na moja imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, bado inang'aa.

Nataka ibaki hivyo. Anayejua namna ya kuzuia kutu kwenye mkebe aniandikie tafadhali, hata kama mwandiko wake ni kama wangu.