Jiliwa la Mkaratusi

Mashine ya kuranda ilinikata vidole vitatu vya mkono wa kushoto nilipokuwa nikifanya kazi ya mbao Kilolo, miaka kumi na minne iliyopita. Vilibaki kidole gumba na kile kidogo. Kidonda kilipopona nilirudi nyumbani Mlandege nikafungua karakana nyuma ya nyumba, na tangu hapo mke wangu ndiye aliyenishikia mbao.

Hatukupanga iwe hivyo. Nilikuwa napiga randa, ubao ukateleza, akaja akaukandamiza kwa viganja viwili. Kesho yake akaja tena. Baada ya muda alijua asimame wapi, aegemee vipi, ageuze uso lini vumbi likiruka. Kama alikuwa jikoni nilimwita, naye alikuja na unga mikononi. Mteja mmoja, mama wa kwaya, alisema ndoa yetu ni ya kuigwa. Nilicheka. Mke wangu alitabasamu tu.

Kisha mama yake, anayeishi Madibira, akaanguka na kuvunjika nyonga wakati mpunga umeiva. Mke wangu alifunga safari akisema atakaa wiki tatu. Alikaa miezi miwili na nusu.

Mimi nilikuwa na milango minne ya nyumba mpya. Wiki ya kwanza jirani yangu, fundi magari, alinishikia, lakini naye ana kazi zake. Wiki ya pili nilikaa nikaitazama meza ya kazi, nikitafuta kitu cha kushika mbao badala ya mtu.

Nilianza na kibao kifupi. Nilikipigilia kipande cha mti chini, upande wa mbele, ili kikamate ukingo wa meza, na kingine juu, upande wa nyuma, ili mbao iegemee hapo wakati wa kukata kwa msumeno. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Halafu nikatoboa matundu safu mbili juu ya meza na kuchonga vijiti vya kuingia humo. Ubao ukilazwa katikati ya vijiti na kugongwa kabari pembeni, hautoki.

Jiliwa ndilo lililonisumbua. Nilitaka kibano cha kusimamisha mlango kwa ubavu, ninachoweza kukikaza kwa mkono wa kulia peke yake. Jirani alinipa skrubu ya jeki iliyokufa. Nikaifunga kwenye vipande viwili vya mkaratusi, na siku ya pili kimoja kikapasuka kwa sababu mti ulikuwa bado mbichi. Nikang'oa nguzo kavu ya mkaratusi kwenye banda la kuku la zamani, nikaanza upya.

Mlango wa kwanza nilioubana ulikaa imara hata nilipochimba tundu la kitasa kwa patasi. Niliumaliza peke yangu. Nilitarajia kufurahi. Badala yake nilikaa juu ya gogo kwa muda, kwa sababu nguzo ile ilikuwepo hapo miaka yote, na jeki iliyokufa ilikuwa kwa jirani.

Kwenye simu sikumwambia. Alirudi Agosti, upepo wa baridi ukivuma, akiwa na gunia la mchele. Alibadilisha nguo akaja karakana, akasimama upande wake wa meza kama kawaida. Nikamwonyesha. Alizungusha mpini, akafungua jiliwa, akalifunga.

"Umelitengeneza kwa muda gani?"

"Siku nne. Hivyo vingine ni asubuhi moja moja."

Aliuachia mpini. "Siku nne, baba. Mimi nimeshika miaka kumi na miwili."

Nilimwambia sikuwahi kufikiria. Ndio ulikuwa ukweli, na ulisikika vibaya. Hakugomba. Aliingia ndani akapika, tukala.

Kwa siku kadhaa hakuja karakana, na mimi sikumwita. Jumapili moja, tukitoka kanisani, alinieleza kwamba dada yake alishamwomba mara mbili walime pamoja shamba la mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Madibira, naye akakataa mara zote mbili.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia nini? Nani angekushikia?"

Nilimwambia aende. Akasema alikuwa ameshaamua, alikuwa ananiarifu tu.

Sasa huenda wakati wa kupandikiza na wakati wa kuvuna, na mama yake anapata mtu wa kumwangalia. Mimi nimejifunza kupika, ingawa maharage yangu bado si mazuri. Akiwepo nyumbani huja karakana na kigoda chake, anachambua mchele, tunaongea mambo ambayo zamani hatukuyaongea kwa sababu ya kelele na vumbi. Hashiki kitu, wala simwombi.

Msimu huu ameondoka tangu Januari. Jioni tunapigiana simu, na mara nyingi ananieleza habari za maji ya mfereji na miguu ya mama yake, ambaye ameanza kutembea hadi mlangoni kwa fimbo.