Mkamwana Kwenye Behewa la Kulala

Mzee Sosthenes Mwaisaka wa Iyunga, Mbeya, alikuwa mtu mpole, ila ukimgusa kwenye habari za treni, shauri yako. Alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, kazi iliyomfikisha Dar es Salaam upande huu na Kapiri Mposhi ya Zambia upande ule, na kwa maoni yake aliyesafiri kwa basi hajasafiri, amebebwa tu kama gunia la viazi. Ndege ndiyo kabisa hakutaka kuisikia. Kwa hiyo siku mwanawe wa pekee, Ombeni, alipompigia simu kutoka Bangkok, alikokuwa akifundisha Kiingereza, na kumwambia kwamba huko kuna reli unaianza mlangoni mwa Singapore ukaenda nayo mpaka China, mzee aliibana simu sikioni. Kisha akasema, "Hebu rudia."

Hapo ndipo safari ilipoanza kupangwa. Kila Jumapili, wakishatoka ibadani kwa Wamoravian, mzee alikuwa hataki hata kusubiri chai. Simu masikioni, miwani puani, yeye na mwanawe wanasafiri. Ndege angeipanda mara moja tu, kwa kufumba macho, mpaka Singapore. Ombeni angempokea pale, wavuke daraja waingie Malaysia, wapande treni ya kupandisha kaskazini mpaka Padang Besar mpakani, waingie Thailand, walale njiani mpaka Bangkok. Hapo wangepumzika kwa Ombeni, kisha walale tena njiani mpaka Vientiane kule Laos, na kutoka Vientiane wapande ile treni ya kasi inayotoboa milima hadi mpakani mwa China.

Ramani aliibandika sebuleni, juu kabisa ya picha yake ya ndoa. Mkewe, mama Ombeni, alilalamika akachoka. Majirani nao walikoma, maana mtu akija kuazima jembe tu lazima kwanza apelekwe Laos. "Mnakwenda Tunduma mnasema mmesafiri," mzee alikuwa akiwatania. "Subirini mniulize mimi." Hati ya kusafiria ilipotoka aliionyesha mpaka kwa muuza mkaa. Jamani, alikuwa na furaha yule mzee.

Sasa Jumapili moja Ombeni akasema, "Baba, ila tutakuwa watatu. Yusta naye atakuwepo."

Mzee akavua miwani.

Yusta alikuwa mke wa Ombeni, anayeishi naye huko Bangkok, Mhehe wa Ilula, binti wa mama mmoja anayewauzia nyanya wasafiri pale barabara kuu. Msichana mzuri, mchapakazi, hana neno. Tatizo lilikuwa Sosthenes mwenyewe, au tuseme malezi yake. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana akimwona mzee kwa mbali anakwepa njia. Wakikutana ghafla anajifunika kanga, anachutama na kugeukia pembeni mpaka mzee apite. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe, na vijana wengi wa mjini wameshaiacha, lakini Sosthenes alikuwa ameapa kwamba nyumbani kwake haitaachwa.

Yusta, maskini, hakulijua hilo. Siku ya kwanza kuletwa Iyunga aliingia sebuleni na tabasamu lote, mkono mbele, "Shikamoo, baba!" Mzee aliinuka kwenye kiti kama kimeshika moto, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwa jirani hadi jioni. Ikabidi mama Ombeni amwite binti jikoni amweleweshe. Yusta alilia siku ile, lakini alijifunza, na akajifunza vizuri kuliko hata wale waliozaliwa nayo. Tangu hapo mzee akitaka kumwambia kitu alimwambia mkewe, na mkewe aligeuka akakirudia, hata kama Yusta yuko nyuma ya ukuta na ameshasikia kila neno.

"Hilo behewa la kulala," mzee akauliza, "limekaaje?"

Ombeni akaeleza. Vitanda vimepangwa upande huu na upande huu, vya juu na vya chini, katikati kuna njia, na kila kitanda kina pazia lake.

"Pazia! Sasa mkamwana akienda chooni anipite hapo nimelala na soksi?"

"Baba, tunaweza kuchukua vyumba. Mimi na wewe kimoja, yeye cha jirani."

"Na ujia? Ujia si ni mmoja?"

"Ni mmoja, baba."

"Na mezani?"

Walikwama. Jumapili iliyofuata Ombeni alikuja na wazo la mabehewa mawili tofauti. Mzee akalifurahia, ila mwisho Ombeni mwenyewe akalirudisha nyuma, akasema haitafaa Yusta akae mbali. Mzee akaanza kukasirika. Kwani kuna lazima gani? Amemwoa juzi? Si wana maisha yao yote mbele? "Mwache nyumbani, mwanangu. Hii ni safari ya baba na mwana."

Upande wa pili mtu akawa anapumua kwa nguvu.

"Mbona unahema hivyo?"

"Lifti imeharibika, baba. Nimepanda ngazi."

"Haya. Fikiria nilichokwambia."

Ikawa ndiyo hivyo. Msimu wa mvua ukaisha, mahindi yakavunwa, na kila Jumapili ramani ilisafiriwa vizuri kabisa mpaka ilipofika kwenye vitanda, hapo ikasimama. Mama Ombeni alijaribu. "Baba Ombeni, dunia imebadilika, nenda ukamwone mtoto." Mzee akamjibu kwamba dunia ikibadilika si lazima na yeye abadilike nayo, na kwamba Ombeni akimpenda baba yake atakuja Singapore peke yake. Alikuwa na hakika mwanawe atalegea. Alimngojea alegee.

Simu iliyofuata ilipigwa siku ya kazi, na haikupigwa na Ombeni. Ilikuwa sauti ya Yusta, na aliyeombwa ni mama. Mzee alimwona mkewe anasikiliza, kisha akaona simu inaanguka, na hakuhitaji kuambiwa. Mwanao akifa, jamani, mwili unajua kabla ya masikio.

Walimpokea kwenye jeneza uwanja wa ndege wa Songwe, wakamzika Rungwe, nyumbani kwa wazee wake. Msibani Yusta alikaa na wanawake, na kila mzee Sosthenes alipopita alijifunika na kugeuka, katikati ya kilio chake, bila kukosea hata mara moja. Wazee waliona wakasifu. Mzee alisikia zile sifa zikamkaa vibaya, ila hakujua kwa nini.

Matanga yalipokwisha, Yusta akajiandaa kurudi kwa wazazi wake Ilula. Asubuhi ya kuondoka alikuwa jikoni, mzee yuko barazani, mama Ombeni amekaa mlangoni katikati yao kama kawaida.

"Muulize," mzee akasema, "mwenzake alianza kuumwa lini."

"Unaulizwa Ombeni alianza kuumwa lini," mama akarudia kuelekea jikoni.

"Tangu hatujaanza kupanga safari, mama. Moyo ulikuwa umetanuka."

"Anasema tangu hawajaanza kupanga safari. Moyo ulitanuka."

Mzee akashika goti lake. "Muulize kwa nini hatukuambiwa."

Mama akauliza. Yusta akajibu kwamba Ombeni alikataa, akasema baba yake haambiwi jambo kama lile kwenye simu kana kwamba anaambiwa bei ya vitunguu. Alitaka amwambie wakiwa wamekaa kwenye treni, nje mashamba yanapita, baba ameshafurahi. Ndiyo sababu aliitafuta ile reli.

Mama Ombeni akayarudisha yote hayo kwa sauti iliyoanza kupasuka.

"Muulize basi," mzee akasema, na sasa alikuwa na hasira, maana hasira ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko kile kingine, "muulize kwa nini hakuja Singapore peke yake! Nilimngoja!"

Safari hii Yusta hakungoja aulizwe.

"Asingeweza, mama. Ngazi za behewa alikuwa hapandi bila kushikwa. Na usiku hakuweza kulala chali, mpaka ainuliwe ndipo apumue. Nilikuwa namwinua mimi."

Mama Ombeni akageuka kwa mumewe ili arudie. Akafungua mdomo. Halikutoka neno, kikatoka kilio, akainamia magoti yake akalia kama siku ya kwanza.

Mzee alisubiri. Alikuwa amesikia kila kitu, lakini kwa desturi ya nyumba ile maneno yalikuwa bado hayajamfikia mpaka mkewe ayaseme. Mkewe hakuyasema. Basi Sosthenes akanyanyuka, akampita mlangoni, akaingia jikoni.

Yusta alisikia ndala. Papo hapo akavuta kanga ikafunika kichwa na uso, akachutama karibu na jiko la mkaa, mgongo kwake.

"Yusta," mzee akaita. Hakuwahi kulitamka jina lile mbele yake. "Ningekuja. Ningejua, ningekuja nikalala hata sakafuni chini ya vitanda vyenu. Mimi nilidhani... Mwanangu, nisamehe."

Mkaa ulikuwa unapasukapasuka jikoni. Alipiga magoti, na magoti ya mzee hayapigwi hivi hivi, akashika ukuta kwanza.

"Hiyo heshima imekwisha. Nimeiondoa mimi mwenyewe. Geuka basi, mama. Geuka uniangalie, ndiwe uliyemwona mwanangu mwisho."

Kanga ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi zake. Alijaribu kweli, mkono ulitoka, ukashika pindo, ukarudi ndani.

"Siwezi, baba," alisema Yusta. "Nimeshazoea."