Nilivyokaa wiki tatu bila mke kwa sababu ya nywele za binti yangu

Wakuu, salamu kutoka Kikwajuni. Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi nitatia, siwafichi, lakini mchuzi ni wa kweli.

Nina binti, Nasra, miaka mitano. Nywele zake hazijawahi kuvuka urefu wa punje ya mchele. Ukimpitishia kitana unasikia kama mtu anakanyaga tambi kavu.

Tulipaka kila kitu. Mafuta ya nazi, mbegu za habbasoda, karafuu. Kichwa cha mtoto kikanukia pilau, paka wakawa wanamsindikiza chuo cha Kurani.

Mama yangu, tunayekaa naye nyumba moja, akaja na jibu lake: mke wangu Zuwena anamtia mtoto dawa ya kulainisha nywele kwa siri.

"Weye unamchoma mwana huyu kichwa kwa urembo wako!" Alimwambia hivyo mbele ya jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mie nipo, nimetulia kama kabati.

Zuwena akaingia ndani. Alikunja nguo, akamchukua mtoto, akaenda kwao Fumba. Nikampigia.

"Mie sirudi hapo mpaka mamako anitake radhi. Na weye ulokaa kimya, jipikie."

Nilijipikia wakuu. Wiki tatu. Wali wangu ungeweza kujengea ukuta.

Mwisho nikawafuata Fumba, nikawapeleka Zuwena na Nasra kwa daktari wa ngozi. Akauweka unywele mmoja kwenye microscope, akaniita nione. Wallahi kama uzi wa shanga: kinundu, pembamba, kinundu, pembamba.

Akasema inaitwa monilethrix, ni nadra, na unywele hukatikia pale pembamba. Si dawa, si hasidi. Mtu huzaliwa nayo, mara nyingi kwa kurithi.

Kisha akatazama kipara changu. "Na wewe nywele zako zikoje?"

"Sijui, daktari. Mama alininyoa kwa wembe tangu nna akili zangu, nami nkaendeleza."

Zuwena alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilirudi nkamweleza mama. Akakaza kilemba chake. Kisha: "Kaniitie mkaza mwanangu."

Zuwena akaja, uso umekunjamana, hata buibui hakuvua. Mama, ambaye hulala na kilemba, akakifungua mbele yetu. Wakuu, kichwa cha Nasra chenyewe, kimezeeka tu.

"Marehemu babako hajakiona kichwa hiki mpaka anakufa," akaniambia. Akamgeukia Zuwena. "Nlijua tangu mtoto hajatoka arubaini. Nliona haya, nkakutupia weye. Niwie radhi, mwanangu."

Zuwena akavua buibui. "Mama nawe, ungesema mapema, habbasoda yote ile tungetia kwenye mikate."

Wakacheka, wakalia, mie nkafukuzwa chumbani.

Dawa ya kuponya hakuna. Hatumsuki kwa kubana, hatumpitishii moto, na daktari anasema huenda zikapata nguvu akikua.

Funzo langu: kilichomuuma zaidi Zuwena si maneno ya mama, ni mimi kujifanya kabati. Nimeshaomba radhi, na bado naomba.

Wenye watoto wa hivi jitokezeni, mtuambie mnawatunzaje. Wa kunicheka nao karibuni.

Mama ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, niseme ujanani alikuwa mzuri.

Alikuwa mzuri, wakuu. Na sasa hivi yupo ukumbini kichwa wazi, Zuwena anampaka mafuta.