Mwanamume wa Kwenye Kadi ya Chakula

Mnicheke tu, mimi nimeshajicheka. Mama yangu alikufa bila kunitajia baba. Aliniachia kadi ya chakula ya kambi ya wakimbizi ya Lukole na picha moja: yeye amenipakata, pembeni kasimama mwanamume mrefu. Kwenye kadi, mwanamume huyo ameandikwa mkuu wa familia na mama ameandikwa mke wake. Ungekuwa mimi ungetaka ushahidi gani tena?

Nilimsaka mwezi mzima, mpaka muuza ndizi mmoja wa Bugarama akaitambua ile sura. Jumapili nikapanda bodaboda hadi Murukulazo, mwanangu mgongoni. Nilimkuta mzee nje ya kanisa, watu ndio wanatoka. Shikamoo sikumpa. Nilimwambia mbele ya wote kwamba anayetelekeza damu yake hana haki ya kushika Biblia. Kisha nikamwonyesha ile picha na kumbandika mtoto kifuani.

“Mjukuu wako huyu. Haya, naye mkimbie.”

Mzee aliitazama picha. Mkewe ndiye aliyejibu, taratibu.

“Binti, mama yako alifika kambini peke yake, na mimba. Aliogopa kulala hema la peke yake. Mimi ndiye niliyesema aandikwe kwenye kadi yetu. Jina la baba yako hakututajia hata sisi.”

Nilitaka kumwomba mzee anirudishie mtoto. Mtu wa umri ule huku kwetu unamwita baba, na neno hilo lilikataa kunitoka.