Chupa za Upande wa Ukuta

Kwa miaka kadhaa, kila Pasaka, mke wangu nami tulifungua chupa moja ya divai nyeupe. Nilinunua sanduku lake kwa mgeni aliyekuwa anauza vitu vyake ili arudi kwao. Elimu ya divai niliipata katika vitabu vya Kifaransa vilivyouzwa kwa mafungu sokoni Dilala, hapa Kolwezi. Vilisema chupa ilale, ili divai iguse kizibo na kizibo kisikauke. Basi nilizilaza zote katika depo letu, chumba kidogo kisicho na dirisha kati ya jikoni na chumba cha mama mkwe. Nusu zilikaa kwenye ubao wa upande wa jikoni, nusu kwenye ubao wa upande wa mama, vitako vikigusa ukuta wake.

Mwanzoni divai ilikuwa kali kama ndimu. Baadaye ukali ulipungua, rangi ikaelekea dhahabu, na ikaja ladha ya asali, ile nzito inayoletwa kutoka Kasaji. Nilitazamia ladha ya karanga za kukaanga ifuate.

Pasaka hii nilichukua chupa ya upande wa mama. Ilikuwa na rangi ya chai. Ilinuka tufaha lililokatwa likasahauliwa, na nyuma yake siki.

"Imezeeka," mke wangu alisema.

Sikuridhika. Nilifungua nyingine, ya upande wa jikoni. Dhahabu, asali, karanga. Sanduku ni lile lile. Nilirudi depo na kuzitazama zilizobaki. Upande wa mama, shingo zote zilikuwa zimeinuka kidogo, na kiputo cha hewa kimekaa chini ya kizibo. Vizibo vilikuwa vikavu. Ubao haukuwa umelegea. Sakafu ndiyo iliyokuwa imeshuka, kuelekea kwa mama.

Nikaenda kwa jirani wa upande huo, ambaye tangu mvua zilizopita amezungusha turubai uani kwake.

"Ni choo tu, tata," alisema, akiniita baba na kucheka.

"Choo gani kinatoa magunia kwa pikipiki kila asubuhi?"

"Eh, tata! Unakunywaka divai ya bazungu peke yako, sasa udongo iko nakuonea wivu. Ulete chupa moja, tuongee muzuri."

Hakunialika ndani ya turubai. Miguu yake ilikuwa na vumbi la kijani, la mawe ya shaba, hadi magotini, na ardhi ya juu huku kwetu ni nyekundu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani mwake, akishona. Nikamwambia jirani anachimba chini ya nyumba, ahamie sebuleni mpaka watu wa komini, serikali ya mtaa, waje kuangalia.

"Mi sitoke," alisema. "Bwana yangu alipewa hii nyumba na kampuni. Alikufia mu hii chumba. Batu banachimba Kolwezi tangu sijazaliwa."

Mke wangu alimbembeleza, akalia. Mama aliendelea kushona. Sikuwa na hoja nyingine, ila zile chupa mbili zilizokuwa mezani, kwa hiyo nilileta glasi mbili, moja ya kila chupa. Yeye ni Mprotestanti, hajawahi kuonja pombe. Alizinusa tu, moja, kisha nyingine, kisha akairudia ya kwanza.

"Hizi zilitoka mu sanduku moja?"

"Ndiyo, mama."

"Hii yenye kuoza, ilikuwa inalala upande gani?"

"Upande wako. Sakafu imeinama, kizibo kikakauka, hewa ikaingia."

Alitazama ukuta, kisha sakafu chini ya miguu yake. Akachoma sindano kwenye kitambaa, akasimama, akaanza kukunja blanketi. Mke wangu alishika upande wa pili.

Walipolikunja mara ya mwisho, mama alinigeukia.

"Na chumba yenu? Ulipima?"

Chumba chetu kinapakana na chake, kwa upande wa pili, karibu zaidi na turubai. Sikuwa nimepima.