Kiblanketi cha Fundi Kaki

Kwa miaka thelathini na moja fundi huyu alishona sare za shule tu, hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Kaki. Naye aliitika. Mshono wake ulinyooka kama rula, na hakungoja mtu amsifu. Alijisifu mwenyewe mapema.

Binti yake wa kwanza alipokuwa na mimba ya miezi saba, Kaki alitangaza mezani kwamba kiblanketi cha mjukuu atakishona yeye, cha viraka vya rangi.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Mzee wangu, wewe rangi unazijua tatu, na nyeupe ni mojawapo."

"Utaona."

"Nitaona mtoto anazaliwa leo, kesho anaulizwa yuko darasa la ngapi."

Asubuhi Kaki akabisha hodi chumba kilichopakana na duka lake la ushonaji, kwa fundi wa magauni, mwanamke aliyemtania tangu siku alipohamia jengo lile. Alitaka vipande vya masalio.

"Kaka, umekosea mlango," alisema yule mama bila kusimamisha cherehani. "Hapa hakuna kaki."

Hata hivyo alimjazia mfuko: vyekundu, vya njano, vya kijani, vya maua, vya madoadoa. Kaki akakata viraka sitini na vitatu, vyote sawasawa, akavitandaza mezani: vyekundu safu yao, vya njano safu yao, vya kijani safu yao.

Jirani akaja kuchungulia. "Umewapanga mstarini uwakague kucha?" Kabla hajajibiwa, alishavivuruga vyote kwa mikono miwili, akaenda zake.

Kaki alinuna. Alingoja jirani afunge mlango wake aende nyumbani, kisha akaanza kuvirudisha kwenye safu. Lakini vyekundu vilipokaa pamoja vilizimana. Kimoja kilichokuwa kimebaki kati ya kijani na njano kiliwaka peke yake. Alisimama na kiraka mkononi kwa muda mrefu. Mwisho akauacha mvurugo ulivyo. Mkewe alipomuuliza, alisema hakupata nafasi ya kupanga.

Akaunganisha viraka, akatandika pamba katikati, akaweka kitambaa laini chini, akapiga bandi ya kushikiza, akashona. Kilipokwisha, mimba imeshatimia miezi tisa, futi yake ya kupimia ikawa haionekani. Alimshuku jirani, akamshuku mkewe, akapekua mifuko ya makoti ambayo hakuyavaa kwa miaka.

Siku ya nne ya kuitafuta, binti alijifungua salama mtoto wa kike, na kesho yake akaruhusiwa kutoka hospitali kurudi kwake. Mkwe alikuja na gari kuwachukua wazee wakamwone mtoto. Mke wa Kaki alikuwa anakunja kiblanketi upesi upesi, mara mikono ikasita.

"Mzee wangu, hiki kina uti wa mgongo?"

Kaki alipapasa. Ilikuwa futi, imelala ndani ya pamba raha mustarehe. Mkwe akapiga honi. Fundi alitia sindano, uzi na mkasi mfukoni, akatoka akitazama chini.

Walipofika, binti naye alipokishika tu akauliza, "Baba, humu ndani kuna nini?"

"Futi," mama yake akamjibia. "Mjukuu atakuwa anajipima mwenyewe."

Binti alicheka mpaka akajishika tumbo, akamwomba mama yake asiseme tena, bado anaumwa. Kaki alifumua ukingo, akaivuta futi polepole, inchi kwa inchi, na alipomaliza walimpakatisha mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko jora dogo kabisa. Kisha akamrudisha kwa binti.

Aliporudi kwenye mshono, macho yake yalibaki kwa mtoto. Sindano ilipanda, ikashuka, ikatangatanga. Aliutazama ule mstari kama kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nitaufumua niurudie."

Binti alikuwa ameshamlaza mtoto juu ya kiblanketi, na mtoto ameshasinzia.

"Haya, mwamshe," mkewe alisema.

Hakuthubutu. Akavuta kiti, akasema atangoja mtoto aamke. Wanawake wakaenda jikoni kuchemsha chai. Waliporudi, mtoto alikuwa macho kodo, ametulia, na babu anakoroma, uzi ungali kwenye sindano. Mkewe alimchomolea sindano vidoleni taratibu, akaichomeka kwenye mtandio wake mwenyewe.

"Tumwache," alimnong'oneza binti. "Akiamka atataka kukiwekea mifuko."