Ukuta Niliousiriba kwa Simenti

Mtoto alikuwa halii. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Ukuta wa upande wa mvua ulikuwa umelala chumbani, nami nafukua tope kwa mikono, vipande vya simenti vinanikata vidole. Ilikuwa asubuhi, uji bado uko jikoni. Kisha nikasikia mguno chini ya kitanda cha mianzi, halafu kilio cha mtoto mwenye hasira. Mke wangu alikuwa amemkumbatia huko chini, kitanda kimewazuilia udongo. Akasema, "Punguza kelele, baba. Tupo."

Kumbe aliyekuwa anapiga kelele ni mimi.

Walitoka wazima. Nilikaa kwenye matope nikicheka kama mtu aliyelewa ulanzi, na nikikumbuka leo bado kifua kinalegea. Lakini kicheko kilikatika msimamizi wa kambi alipofika na mgeni wake mkubwa, wakaangalia kifusi. Mgeni akauliza kisa. Msimamizi akamjibu, "Ni udongo wa wanawake wao, bwana. Hawajui kujenga."

Mwanamke mwenyewe aliyeukandika ukuta ule alikuwa mama mkwe wangu.

Nirudi nyuma kidogo. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kibarua wa kukata miti ya miwati Makambako. Shule nilisoma madarasa mawili. Kambini kila mwenye familia alipewa kiwanja ajenge mwenyewe, nami nikafyatua matofali mabichi. Kwetu mwanamume anasimamisha ukuta, kukandika ni kazi ya wanawake, basi mama mkwe akaja kutoka Njombe kutusaidia. Tena kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Yeye alisimama ndani, mimi nje, ukuta katikati, akawa anasema na binti yake kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie huyo mwenzio udongo wake ni mchanga mtupu."

"Mama anasema udongo wako ni mchanga."

"Nimesikia," nikasema.

"Kama amesikia, mbona bado anaukanyaga?"

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kujenga, kwa kusutwa. Nilete udongo wa kichuguu. Nichanganye samadi na nyasi zilizokatwa fupi, nilaze mpaka kesho yake. Nifinyange donge, nilidondoshe kutoka kiunoni: likisambaa, halifai. Msingi uwe wa mawe. Majani ya paa yatokeze hatua nzima nje ya ukuta, mvua isiuguse. Tulipomaliza, nyumba ilikuwa ya rangi ya udongo, na ndani kuna joto hata baridi ya Juni ilipouma.

Ndipo msimamizi akapita. Yule mgeni alikuwa anatarajiwa kukagua kambi, na yeye alitaka nyumba zing'ae kama ofisi yake. Akaamuru upenu ukatwe, paa zote zilingane. Akatoa mifuko ya simenti, kuta zisiribwe kwa nje.

Mama mkwe alikuwa anafunga mzigo wake arudi Njombe. Akasema kutoka ndani, "Mwambie ukuta huo unahema. Maji yataingia kwa juu, na simenti itayanyima njia ya kutoka."

Nami nikawaza, bibi wa shambani anajua nini habari za simenti? Nikashika mwiko, nikasiriba. Nilijivuna hata. Mvua zilipokolea, nje ukuta ulikuwa mweupe, mgumu, mzuri. Kwa ndani, karibu na sakafu, kidole kilizama kama kwenye ugali. Nililiona hilo siku mbili kabla ukuta haujaanguka, nikanyamaza.

Basi wenye kosa ni wawili. Mimi kosa langu nilikwisha kulitamka. Tulihama tukaenda Njombe, nikaketi nje ya mlango wa mama mkwe, nimempa mgongo, nikasema nimekosa. Halafu nikasikia, "Mwambie achimbe msingi."

Nyumba hiyo ndimo ninamoandikia. Haina hata kijiko cha simenti. Imekula mvua nyingi. Kila ikikatika naweka kiganja ukutani, nakuta pakavu, nashusha pumzi. Yule mtoto wa chini ya kitanda sasa anakandika yeye, tena ananicheka mkono wangu mzito.

Lakini kule kambini wanawake walikatazwa kukandika tangu siku ile, na neno likapanda hadi huku. Mama mkwe ni mzee sasa. Bado wapo wanaomuuliza nje ya kanisa, "Si wewe uliyetaka kumuua mjukuu wako kwa udongo?" Anaitika salamu zao, anaondoka.

Msimamizi yu hai. Nimemwona sokoni Makambako, amenenepa, hata kunikumbuka hanikumbuki. Simtaji jina, cheo chake kinatosha, na mwenyewe anajijua. Namtaka aje Njombe. Yeye hana mwiko wa ukwe, anaweza kusimama mbele ya mama yule na kumtazama usoni, jambo ambalo mimi siwezi. Amwambie, watu wa kanisani wakisikia, nani alikata upenu, na nani alileta simenti.